Barua ya wazi kuhusu rangi nyeupe ya E171 na bakteria wa matumbo yetu

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya afya, viwanda na biashara katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki; Wakurugenzi Wakuu wa mashirika ya viwango; na Wajumbe wa Kamati ya Viwango ya Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu poda moja nyeupe isiyo na ladha, isiyo na harufu na isiyo na lishe yoyote, ambayo hutiwa katika pipi zenye ganda la kung'aa, katika jojo, yaani ubani wa kutafuna, katika krimu za kupambia keki, katika poda za kuweupisha chai na kahawa, katika dawa ya meno na katika utando wa vidonge vya hospitali. Poda hiyo ni dioksidi ya titani. Kwenye lebo ya chakula huandikwa E171 au INS 171, na kwenye tyubu ya dawa ya meno huandikwa CI 77891, kwa hiyo hata mzazi mwenye bidii ya kusoma lebo anaweza kukutana nayo asubuhi na jioni asijue kuwa ni kitu kilekile. Kazi yake ni moja tu: kukifanya kitu kionekane cheupe, au kuzifanya rangi nyingine zilizopakwa juu yake zivutie zaidi.

Mimi ni mwalimu wa kemia ya chakula, na vijana ninaowafundisha huishia viwandani, bandarini na katika maabara zenu. Ombi langu nalitaja mapema lisije likapotea katikati ya maelezo. Naomba E171 iondolewe katika orodha ya viongezeo vinavyoruhusiwa kwenye chakula katika nchi za Jumuiya, tukianza na vyakula vya watoto, na naomba hivyo kwa sababu ambayo haitajwi sana katika mjadala wa poda hii, yaani bakteria wanaoishi katika utumbo mpana na kazi wanayoifanya katika umetaboli, ile shughuli nzima ya mwili ya kukivunja chakula, kukigeuza nguvu na kukihifadhi.

Kwanza nieleze tulivyofika hapa. Mwaka 1969 kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO kuhusu viongezeo vya chakula, JECFA, iliitathmini dioksidi ya titani ikaona hakuna haja ya kuweka kikomo cha kiasi anachoweza kumeza mtu kwa siku. Hoja iliyobeba uamuzi huo ilikuwa rahisi na, kwa elimu ya wakati ule, ilikuwa ya busara: poda haiyeyuki, utumbo hauifyonzi kwa kiasi cha maana, inapita na kutoka na choo. Leo INS 171 imo katika Jedwali la Tatu la kiwango cha jumla cha viongezeo cha Codex, chombo cha FAO na WHO kinachotunga viwango vya kimataifa vya chakula, kile chenye namba 192 cha mwaka 1995, ambalo ni jedwali la vitu vinavyoruhusiwa kutumika kwa kadiri ya "utengenezaji bora" bila tarakimu yoyote. Viwango vyetu vingi vya Afrika Mashariki vya vyakula vya kusindikwa, vikifika kwenye kipengele cha viongezeo, huelekeza tu kwamba kiwango hicho cha Codex kifuatwe. Maana yake ni kwamba mwenye kiwanda ndiye anayeamua kiasi kinachotosha kumpa weupe anaoutaka. Hata Marekani, ambayo haisifiki kwa ukali katika mambo ya rangi za chakula, imeweka walau kikomo cha asilimia 1 ya uzito wa chakula.

Najua mtakachoniuliza hapa. Tuna sumukuvu (aflatoksini), iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ambayo mwaka 2021 ilifanya Kenya ikayazuia mahindi ya Tanzania na Uganda mpakani. Kwa sumukuvu tumeweka tarakimu, mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi kwa jumla na mikrogramu 5 kwa aina ya B1 peke yake, na bado tunahangaika kuitekeleza. Afisa mwenye bajeti finyu akiniuliza aanze na lipi, nitamwambia aanze na mahindi, tena bila kusitasita. Lakini sumukuvu hutoka kwa ukungu shambani na ghalani, na kuiondoa kunahitaji maghala, turubai, elimu na miaka mingi. E171 haitoki shambani. Huagizwa, hulipiwa na humwagwa kwenye mashine na mtu anayejua anachokifanya, na ikikatazwa kwenye karatasi huweza kukoma ndani ya muda unaohesabika kwa miezi. Kazi moja haiinyimi nyingine nafasi.

Sasa turudi kwenye ile hoja ya mwaka 1969 kwamba poda inapita tu. Inapita wapi? Chakula kikishamaliza safari ya utumbo mwembamba, ambako sukari, protini na mafuta hufyonzwa, kinachobaki huingia katika utumbo mpana, na huko ndiko wanakoishi sehemu kubwa kabisa ya bakteria trilioni 38 wanaokadiriwa kuwamo katika mwili wa mtu mzima wa wastani. Kitu kisichofyonzwa juu huwafikia wao wote kwa ukamilifu wake. Kwa hiyo sifa ileile iliyoifanya poda hii ionekane salama kwa damu, ini na figo, ndiyo inayoifanya iwe jambo la kila siku kwa bakteria. Aliyekuwa anapima usalama kwa kuangalia kinachoingia kwenye damu hakuwa na sababu ya kuwafikiria, na mwaka 1969 karibu kila mtu aliwaona bakteria hawa kama wapangaji wasio na faida wala hasara.

Leo hali ni nyingine. Nyuzinyuzi za ugali wa dona, za maharage, za matembele na za ndizi mbichi ambazo vimeng'enya vyetu haviwezi kuzivunja, wao huzichachusha na kuzigeuza asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, hasa asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli zinazoutanda utumbo mpana. Asetati na propionati huingia kwenye damu, hufika kwenye ini na kwenye mafuta ya mwili, na huhusika katika namna mwili unavyoitawala sukari na hamu ya kula. Juu ya seli hizo kuna ute wa tabaka mbili, la nje likiwa makazi ya bakteria na la ndani likiwa karibu tupu, na tabaka hilo la ndani ndilo linalowazuia wasiguse ukuta. Ukipungua ute, bakteria husogea, na kinga ya mwili huanza kupambana nao: hiyo ndiyo inflamesheni ya polepole, isiyo na homa wala maumivu ya kumpeleka mtu hospitali, ambayo inahusishwa na kisukari cha aina ya pili, unene na magonjwa ya utumbo.

Tena chembe za poda hii hazilingani. E171 ni mchanganyiko wa chembe za ukubwa mbalimbali, na sehemu yake, ambayo Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilisema ni chini ya nusu kwa idadi, ni chembe za nano, yaani zilizo chini ya nanomita 100, wakati unene wa unywele wa binadamu ni kama nanomita 80,000. Watafiti wa Arizona waliochunguza sampuli ya E171 mwaka 2012 walikuta asilimia 36 ya chembe zake ziko katika ukubwa huo. Ukubwa una maana kwa sababu kadiri kitu kinavyosagwa ndivyo uso wake unavyoongezeka. Kila mpishi anajua kwamba chumvi ya mawe na chumvi laini za uzito uleule hazishiki nyama kwa namna moja. Gramu moja ya chembe za nano ina uso mkubwa sana wa kunasia protini za ute, asidi za nyongo na bakteria wenyewe. Watafiti haohao walikadiria kuwa watoto wa Marekani walio chini ya miaka 10 humeza miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kiasi kinachozidi cha watu wazima mara kadhaa, kwa sababu iliyo wazi: pipi, ubani wa kutafuna na keki ndiyo makao makuu ya poda hii, na mtoto ana mwili mdogo na pipi nyingi.

Darasani huwa naonyesha jambo hili kwa vitu vya jikoni. Pipi ya rangi yenye ganda gumu huwekwa katika glasi ya maji ya uvuguvugu, na baada ya dakika chache rangi nyekundu au ya bluu humenyuka na kuyeyuka, na chini yake hutokea tabaka jeupe kama chokaa, ambalo nalo huachia wingu linaloelea majini. Kisha tunakamua ndimu. Ikiwa weupe huo ni kalsiamu kaboneti, mapovu hutokea na wingu hupungua; ikiwa ni dioksidi ya titani, ndimu haiifanyi kitu, na hata tindikali kali ya tumbo haitaifanya kitu. Wanafunzi husogea karibu na glasi, wakishaelewa kwamba kinachoelea pale kitafika utumbo mpana kikiwa hivyohivyo kilivyo.

Utafiti unasema nini? Mwaka 2017 watafiti wa Toulouse, Ufaransa, waliwapa panya E171 kwa siku 100 kwa kiasi cha miligramu 10 kwa kilo ya uzito, wakakuta mabadiliko ya awali yanayoweza kuelekea saratani katika utumbo mpana wa asilimia 40 ya panya hao. Utafiti huo ulitikisa siasa za Ufaransa, lakini idadi ya panya ilikuwa ndogo na mimi sitaki kuujengea hoja yangu yote. Uliofuata mwaka 2019, kutoka Chuo Kikuu cha Sydney, ndio unaonigusa zaidi. Panya walinyweshwa maji yenye E171, na walipohesabiwa bakteria wao, orodha ya aina haikuwa imebadilika sana. Mtu angeishia hapo angesema hakuna tatizo. Lakini watafiti walikwenda hatua ya pili wakapima kazi ya bakteria badala ya majina yao, na hapo mambo yakawa tofauti: vitu wanavyovitoa vilibadilika, katika maabara bakteria walianza kujikusanya na kujenga utando wa pamoja, ile hali inayowafanya wawe wagumu kuondoka, jeni inayotengeneza protini kuu ya ute wa utumbo mpana ilipungua kufanya kazi, na dalili za inflamesheni zilionekana katika ukuta wa utumbo. Ninaomba wataalamu wenu waizingatie tofauti hiyo, maana maabara inayopima orodha tu itatoa cheti safi kwa utumbo usiofanya kazi vizuri.

Mwaka 2020 watafiti wa Massachusetts walilinganisha panya wa kawaida na panya walioneneshwa kwa chakula chenye mafuta mengi, wakichanganya katika chakula dioksidi ya titani kwa kiasi cha asilimia 0.1. Bakteria wa jamii za Bifidobakteria na Laktobasili walipungua, asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi zilipungua, utumbo ulionyesha inflamesheni, na madhara yalikuwa makubwa zaidi kwa panya wanene, na makubwa zaidi pale chembe zote zilipokuwa za nano kuliko zilipokuwa E171 ya kawaida. Nchini China kuna majaribio ambapo sukari ya damu ya panya ilipanda baada ya kumezeshwa chembe za nano za titani kwa muda mrefu, ingawa kwa dozi inayozidi sana anayoimeza mtoto. Nayataja kwa sababu yanaelekea upande uleule, na dozi hiyo naitaja ili msije mkaambiwa kwamba niliificha.

Vilevile sitaficha upande wa pili. Mwaka huohuo wa 2019 utafiti mwingine wa Marekani uliwalisha panya E171 iliyochanganywa kwenye chakula, hadi siku 100, na haukuona inflamesheni wala mabadiliko ya awali ya saratani. Inawezekana kabisa kwamba chembe zilizofungwa ndani ya unga na mafuta hazifanyi kile zinachokifanya zikiwa huru majini. Kama ni hivyo, swali linalofuata ni dogo lakini lina uzito: je, jojo inayotafunwa nusu saa na kumezwa mate yake tumbo likiwa tupu inafanana zaidi na chakula, au na maji?

Pingamizi kubwa zaidi ni la taasisi. Mwezi Mei 2021 EFSA ilitamka kuwa E171 haiwezi tena kuhesabiwa kuwa salama kama kiongezeo cha chakula, na Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwenye chakula kwa kanuni iliyoanza tarehe 7 Februari 2022, ikiwa na miezi 6 ya mpito. Ufaransa ilikwisha kuisimamisha tangu tarehe 1 Januari 2020. Lakini Uingereza na Kanada zilipitia ushahidi huo na hazikuona sababu ya kufuata, na JECFA yenyewe, ilipokutana tena mwaka 2023, ilirudia msimamo wake kwamba kikomo hakihitajiki. Mtu mwenye nia njema anaweza kuniambia: Codex haijabadilika, sisi tuna haraka gani?

Jibu langu ni kwamba mvutano huo wote, wa EFSA kwa upande mmoja na JECFA kwa upande mwingine, ulihusu zaidi kama chembe hizi zinaweza kuharibu vinasaba vya seli, na kiasi gani kinafyonzwa. EFSA ilikataa kwa sababu haikuweza kuondoa shaka ya madhara kwa vinasaba. Wengine wakasema shaka hiyo haina uzito wa kutosha. Bakteria hawakuwa kiini cha kesi. Kwa hiyo anayeniletea uamuzi wa 2023 ananiletea jibu la swali jingine. Na pale ambapo swali halijajibiwa, kanuni ya tahadhari hutazama pia upande wa pili wa mizani: kitu hiki kinatupa nini? Kihifadhi huzuia chakula kisioze. Madini joto kwenye chumvi huzuia rovu. E171 hutupa weupe. Kama ingekuwa inahifadhi maziwa ya watoto katika joto la Lindi, barua hii ningeiandika kwa namna nyingine kabisa.

Mbadala upo, wala si wa kubahatisha. Viwanda vya Ulaya vilihamia kwenye wanga wa mchele na kalsiamu kaboneti, na pipi zao hazijakosa wanunuzi. Sisi tunalima mchele Kilombero, Mbarali na Mwea, kwa hiyo siamini kwamba atakayeumia ni mwenye kiwanda wa hapa. Kinachonitia wasiwasi ni mwagizaji. Sheria ya jumla ya chakula ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002, katika kifungu chake cha 12, inakitaka chakula kinachosafirishwa nje kifuate kanuni za Ulaya, isipokuwa pale ambapo mamlaka au sheria za nchi inayokipokea zinaruhusu vinginevyo. Someni tena maneno hayo, Waheshimiwa. Mlango uliobaki wazi kwa pipi ambayo haiwezi kuuzwa kwa mtoto wa Lyon, na inaweza kuuzwa kwa mtoto wa Temeke au Kisumu, umeachwa wazi na kitabu chetu wenyewe. Naona ni aibu, tena ni aibu inayofutika kwa ukurasa mmoja.

Lipo pia jambo la matumbo yetu wenyewe. Tathmini zote nilizozitaja zilitegemea zaidi panya wa maabara. Ilhali Wahadza, jamii ya wawindaji na waokota matunda wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, ni miongoni mwa watu ambao bakteria wao wa utumbo wamechunguzwa na kuandikwa sana duniani: mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba wana aina nyingi za bakteria kuliko Waitaliano waliolinganishwa nao, na mwaka 2017 ikaonyeshwa kwamba bakteria wao hubadilika kwa majira, baadhi wakipotea wakati wa masika na kurudi wakati wa kiangazi. Katika Kilimanjaro, utafiti uliowashirikisha wataalamu wa hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2025, uliwahusisha vijana 77 wenye afya njema. Waliozoea chakula cha asili wakapewa chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili tu, na damu yao ikaonyesha dalili za inflamesheni. Waliofanya kinyume, pamoja na waliokunywa mbege, pombe ya asili ya ndizi, wakaonyesha kupungua kwake, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Utafiti huo haukuigusa E171 na sitauhusisha nayo kwa nguvu. Nachosema ni kwamba wiki mbili zilitosha, na kwamba tunao watu, vituo na sampuli za kuuliza swali hili sisi wenyewe badala ya kungoja kipimo cha panya wa Sydney au Toulouse.

Tunayo pia sababu ya pekee ya kuuliza. Takwimu za afya za Tanzania za mwaka 2015/16 zilionyesha upungufu wa damu kwa asilimia 58 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 na asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa, wakati huohuo asilimia 28 ya wanawake wakiwa na uzito uliozidi au unene. Mwaka 2012 watafiti wa Cornell waliwapa kuku chembe za nano za plastiki ya polistairini, wakaona ufyonzaji wa madini ya chuma ukishuka kwa muda mfupi, kisha, kwa kuku waliozimeza kwa muda mrefu zaidi, vijidole vya utumbo vikabadilika umbo kufidia upungufu huo. Ile ilikuwa plastiki, haikuwa titani. Hata hivyo nchi inayotumia fedha nyingi kurutubisha unga wa ngano kwa madini ya chuma ina haki ya kujua kama mtoto anayekula andazi la unga huo anatelemshia na kitu kinachomkwamisha kuyafyonza.

Kuhusu dawa, naomba niwe mwangalifu sana, maana neno moja lililosomwa vibaya laweza kumfanya mtu aache vidonge. Utando mweupe wa vidonge vingi, vikiwemo vya ARV, una dioksidi ya titani. Kiasi chake ni kidogo, faida ya dawa ni uhai, na hakuna mgonjwa anayepaswa kuacha hata kidonge kimoja kwa sababu ya barua hii. Wakala wa dawa wa Ulaya ulihesabu dawa za binadamu zipatazo 91,000 zenye poda hii, ukaonya kuwa kuiondoa kwa pupa kungeleta uhaba, na ndiyo maana marufuku ya Ulaya iliziacha dawa nje. Nasi tuziache. Tanzania tangu mwaka 2019 imekwisha kutenganisha usimamizi wa chakula, ulio chini ya TBS, na ule wa dawa, ulio chini ya TMDA, kwa hiyo mpaka huo si mgumu kuuchora.

Ninachokiomba kutekelezwa ni hiki. Kamati ya Viwango ya Afrika Mashariki iliweke suala la INS 171 kwenye ajenda yake, na viwango vya pipi, ubani wa kutafuna, bidhaa za mikate na keki, na poda za kuweupisha vinywaji viandikwe wazi kwamba haitumiki, kwa kipindi cha mpito cha miezi 12 ili mwenye shehena njiani asifilisike. Katika kipindi hicho, kila mwagizaji wa kiongezeo hiki au wa bidhaa iliyonacho aambatishe cheti kinachoonyesha mgawanyo wa ukubwa wa chembe uliopimwa kwa hadubini ya elektroni, maana uzito wa poda peke yake hauelezi idadi ya chembe za nano zilizomo. Lebo iandike jina lake kwa Kiswahili, "dioksidi ya titani", kwa herufi zinazosomeka. Pipi nyingi ninazoziona zinauzwa mojamoja kutoka kwenye kopo, na lebo yenyewe imebaki kwenye boksi lililotupwa nyuma ya duka, kwa hiyo kopo la rejareja nalo lipewe sharti lake. Tena mwaka wa fedha ujao utengwe mfuko, hata kama ni mdogo, wa kupima chembe hizi katika choo cha watoto wa shule za mijini na vijijini, pamoja na asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi na alama za inflamesheni, kazi ambayo taasisi za utafiti wa tiba za Tanzania na Kenya, NIMR na KEMRI, Chuo Kikuu cha Sokoine na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha wanaweza kuigawana. Sampuli zipimwe kazi za bakteria, zisiishie kwenye majina yao.

Sisiti kuomba hivyo kwa kudhani kwamba Jumuiya lazima ingoje wakubwa. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019, wakati nchi nyingi tajiri zilikuwa bado zinaitoza senti chache.

Vilevile naomba msichanganye E171 na vitu vingine vyenye jina la nano. Silika ya E551, inayozuia unga na chumvi visigande, ilipitiwa upya na EFSA mwaka 2024 ikaonekana haina tatizo kwa matumizi ya kawaida. Kuikusanya kwenye marufuku moja kwa sababu tu nayo ina chembe ndogo kungekuwa kutunga sheria kwa hofu, na viwanda vingekuwa na haki ya kulalamika. Fedha ya nano, inayouzwa mitandaoni kama maji ya kusafisha mwili, ni kesi nyingine tena: kitu chenye sifa ya kuua bakteria hakihitaji maelezo marefu kuhusu kinachoweza kufanya kikimwagwa katika utumbo kila asubuhi, na ninashauri kishughulikiwe na wakaguzi wa dawa bila kungoja kikao cha viwango.

Nitafurahi kujibiwa kwa maandishi kuhusu mambo mawili: kama INS 171 imo katika mpango wa mapitio ya viwango wa kipindi kijacho, na ni maabara gani katika nchi zetu iliyopewa jukumu la kupima ukubwa wa chembe katika viongezeo vya chakula. Nikiitwa kutoa maelezo mbele ya kamati ya wataalamu nitakuja, kwa gharama zangu, na glasi, pipi na ndimu nitazileta mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kemia ya chakula,
Morogoro.